Siro ya Meja

Nianze na jambo ambalo watu hawataki kulisikia: Marcienne hakumwua mbwa wa mtu. Mbwa mwenyewe hakufa. Yuko Mbarara hadi leo, mnene, anabwekea pikipiki. Lakini hapa Misiera, kwenye makazi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, bado wapo wanaokuja kununua mkaa kwangu wakaninong'oneza, "Ule mama aliuaka imbwa ya afande anakaa wapi?" Nimewajibu kwa upole, nimewajibu kwa matusi, na sasa nimechoka na yote mawili. Kabla sijawa muuza mkaa nilifundisha darasa la nne kule Uvira, kwa hiyo kalamu naiweza. Jina langu ni Viviane. Haya ninayoandika, mengine niliyaona, mengine Marcienne alinisimulia huku akipiga meza, na mengine nilimwuliza daktari wa mifugo uso kwa uso.

Marcienne ni mtu wa Kaziba, milimani Kivu Kusini. Mama yake alikuwa anatengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, na watu walikaa uani kwake wakinywa. Siku moja jirani mmoja alikunywa pale, akarudi kwake, na siku ya tatu akafa tumbo limemvimba. Mtu huyo macho yake yalikuwa ya manjano tangu mwaka uliotangulia, na kila mtu aliyaona. Haikusaidia. Kwetu ukiitwa mulozi, neno hilo moja linabeba uchawi na sumu pamoja, na halina rufaa. Walichoma nyumba mchana kweupe. Marcienne alikuwa na miaka kumi na sita. Alimvuta mama yake mkono mpaka bega likateguka, wakaondoka na hawakurudi tena. Walioshika viberiti ni watu walioinywa pombe ile ile, wiki ile ile, na hawakuugua hata mafua. Nikilifikiria hilo damu inanichemka, na wala hakuwa mama yangu.

Yule mama aliishi hapa Nakivale miaka tisa kabla ya kufa. Kwetu mwenyeji akimpa mgeni kinywaji huonja yeye kwanza, mgeni akimwangalia, ndipo ampe. Kwa wengi wetu ni adabu tu, kama kusema karibu. Kwa mama yake Marcienne ilikuwa kujitetea. Hata maji aliyaonja. Hata dawa aliyopewa mjukuu wake hospitalini aliionja. Na binti akairithi tabia hiyo: kila anachopika, kila anachomimina, kinapita kwanza ulimini mwake.

Msidhani basi kwamba Marcienne ni mtu wa kuinamisha kichwa. Sauti yake inafika mto wa pili. Siku moja kwenye foleni ya mahindi mwanamume mmoja mwenye mabega alijipenyeza mbele yetu, na Marcienne akamwambia, "Papa, kama uko na mbio hivi, mbona vita ilikukuta nyumbani?" Foleni nzima ilicheka, na yule bwana akarudi nyuma mwenyewe bila kusukumwa. Mumewe alifia njiani wakija huku. Ana mtoto mmoja, Grâce, ambaye alimpeleka sekondari ya bweni kwa jasho lake, na jasho lenyewe lilikuwa la jiko la watu, Mbarara, miaka sita.

Jiko hilo lilikuwa mtaa wa Kamukuzi, kwa sajini mmoja wa jeshi aitwaye Apollo na mkewe Resty. Sajini aliwahi kupelekwa Congo, upande wa Beni, akakaa huko muda wa kutosha kuzoea maneno yetu. Mkewe anasema Kiswahili cha sokoni, cha kuulizia bei. Si watu wabaya, nitalisema hilo mara moja na sitalirudia. Sajini alikuwa na mbwa wa kizungu, masikio yamesimama, ambaye alimlea tangu hajafumbua macho, akampa jina la Meja. Nafikiri ilimpendeza, sajini mzima, kumwambia Meja "kaa chini!" na Meja akakaa. Alimpenda mbwa huyo kuliko pikipiki yake. Resty, yeye, ana ugonjwa wa sukari, na kwa woga wa ugonjwa huo alipiga marufuku sukari nyumba nzima. Hata mgeni alipewa chai kavu.

Sasa neno lenyewe. Sisi Wakongomani dawa yoyote ya maji ya chupa, ile tamu ya kikohozi wanayopewa watoto, tunaiita siro. Ni Kifaransa kilichovaa kitenge. Olga, mdogo wake Marcienne, alichukuliwa kwenda Canada miaka mitatu iliyopita, na mwaka jana alipata mtu anayesafiri, akamtumia dada yake chupa pamoja na ujumbe wa sauti: "Yaya, nimekutumia siro ya huku. Siro ya erabli. Iko muzuri sana." Marcienne akaikagua. Maji mazito ya rangi ya kahawia. Picha ya jani jekundu. Maandishi ya Kifaransa, siro, halafu hilo neno jingine ambalo alidhani ni jina la ugonjwa. Jani, siro, ng'ambo: hii ni dawa ya majani ya Wazungu, na kama Olga anaisifu hivi basi ni kali. Aliiweka kwenye begi lake la kazini akingoja mtu wa kukohoa.

Aliyekohoa alikuwa Meja. Alikohoa siku mbili kama mzee anayevuta tumbaku, na Marcienne akamhurumia. Akafungua chupa, akaonja kijiko kizima kwanza. Aliniambia ilikuwa tamu kuliko asali, tamu mpaka ikamtia shaka, maana dawa isiyo na uchungu itaponya nini? Lakini hakudhurika, basi akampa mbwa kijiko kimoja kila asubuhi. Siku ya nne kikohozi kikaisha, jinsi vikohozi vinavyoisha. Jumamosi alipokuja nyumbani aliisifu siro ya Olga kila kibanda. Mimi mwenyewe, mwalimu mzima, niliomba tone la kupaka gotini.

Wiki iliyofuata Resty alimkuta na kijiko mkononi. Alipiga kelele kwamba mbwa wa mumewe analishwa dawa za Congo, akampigia simu Dokta Ezira, daktari wa mifugo ambaye pia huja huku kwetu kuchanja mbuzi. Daktari alikuja, akaisoma chupa, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Hii si dawa," alisema. "Kuna mti kule Canada, wanautoboa, unatoa maji, wanayachemsha mpaka yanakuwa mazito hivi. Ni sukari tu. Wanamwagia juu ya chapati zao."

"Itaua mbwa?" Resty akauliza.

"Hapana. Kijiko kimoja hakiui mbwa. Lakini sukari si chakula cha mbwa. Mkimpa kila siku atanenepa, meno yataoza, na tumbo litaharibika. Wachana nayo." Akacheka tena, akaacha vidonge vya minyoo, Meja apewe baada ya miezi miwili, akaenda zake.

Marcienne aliona aibu kidogo, akaicheka aibu yake, yakaisha. Angalau yeye alidhani yameisha. Resty katika maneno yote yale alisikia neno moja, sukari. Halafu akasikia jingine, chapati. Maana mtu aliyenyimwa utamu miaka mingi haachi kuutamani. Siku hiyo hiyo akamwomba Marcienne amwulize mdogo wake kama huko Canada hakuna siro ya namna hiyo isiyo na sukari, ya wagonjwa kama yeye. Ipo. Olga, kwa moyo wake mzuri, akatafuta chupa iliyoandikwa bila sukari, akaituma. Resty aliifungia kwenye kabati la kufuli na ufunguo akauning'iniza shingoni, na kila asubuhi akatia kidogo kwenye bushera yake, uji wa mtama. Hakupata shida yoyote. Alifurahi sana, na Marcienne akafurahi kwa ajili yake.

Ikaja Alhamisi ya vidonge vya minyoo. Meja alikataa kumeza. Marcienne alikificha kidonge ndani ya posho, ugali wa huku, mbwa akala posho akatema kidonge. Akakificha ndani ya kipande cha utumbo, akala utumbo akatema kidonge. Resty alikuwa mezani anakunywa bushera yake, akaona.

"Weka siro," alisema. "Anapenda ile kitu."

"Daktari alikatala, Madamu."

"Dokta alikataa sukari. Hii yangu haina sukari." Akavua ufunguo shingoni, akafungua kabati mwenyewe, akamkabidhi chupa. "Weka mingi, asiskie uchungu."

Nataka msomaji asimame hapo kidogo, kwa sababu hapo ndipo kila kitu kilipo. Resty alifungua, Resty alitoa, Resty alisema mingi. Na Marcienne je? Alifanya kile alichofundishwa na mama yake. Alimimina vijiko viwili, akanywa, akaosha masufuria yote ya asubuhi huku akijisikiliza. Hakuna kichwa, hakuna tumbo. Ndipo akamwagia posho ya Meja, na Meja akala kila kitu, kidonge na yote, akalamba bakuli mpaka likasogea uani.

Maharage ya mchana yalikuwa hayajaanza kuchemka mbwa alipotapika. Akainuka, akayumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi, akagonga tangi la maji, akaanguka chali. Miguu ilikuwa inatetemeka.

Resty alitoka, akamwona, akashika kichwa. "Banange! Ameua mbwa ya Apollo! Nilimwambia awache dawa yake ya Congo!"

Nimeiandika sentensi hiyo jinsi ilivyosemwa, kwa sababu ilisemwa mbele ya watu, na iko hata kwenye simu za watu. Majirani walishaegemea ua. Mmoja wao, sijui nani na sitaki kumjua, akapaza sauti: "Mulogo!" Ni Kiganda hicho, lakini hakihitaji mkalimani. Neno lile lililochoma nyumba Kaziba lilikuwa limevuka mpaka bila kuomba kibali, likamkuta Marcienne uani Kamukuzi ana mwiko mkononi. Yeye, mwenye sauti ya kufika mto wa pili, alifungua mdomo na hakikutoka kitu.

Sajini alifika kutoka kambini na sare yake, akapiga magoti kando ya mbwa, na huku analia, ndiyo, analia, akampigia Dokta Ezira. Daktari alikuwa Masha kwenye ng'ombe wa mtu. Sajini aliwasha spika ya simu, akaiweka chini, na kila mtu akasikia.

"Anatetemeka? Anayumba?"

"Ndiyo, dokta. Sasa hata hasimami."

"Sukari ya mwili imeshuka. Sijui kwa nini, lakini imeshuka. Mpakeni kitu cha sukari kwenye ufizi. Asali, sukari na maji, chochote chenye sukari ya kweli. Kwa kidole, kidogo kidogo, asipaliwe. Sasa hivi! Mimi nakuja."

Nyumba ile haikuwa na punje ya sukari, mnajua kwa nini. Majirani kumi na zaidi pale uani walikuwa nayo majumbani mwao, hatua ishirini. Hakuna aliyeondoka. Kila mmoja alikuwa ameinua simu anarekodi, asije akakosa mwisho. Resty akakimbia ndani, akatoka na chupa yake, ile ya bila sukari, tayari ameshafungua kizibo.

Hapo ndipo sauti ya Marcienne ilirudi. "Hapana ile, Madamu! Daktari anasema sukari! Yako haiko na sukari, wee mwenyewe ulisema!"

Resty akasimama. Marcienne akarukia begi lake, akatoa chupa ya Olga, ile ya kwanza, iliyobaki nusu. Sajini akainuka, akamzuia kwa mkono.

"Wewe kaa mbali. Unataka maliza yeye?"

Marcienne hakubishana. Aliinua chupa, akanywa mafunda matatu makubwa huku amemkazia macho, ikamwagika kidevuni. Kisha akasema, "Afande, ulikaaka kwetu. Unajua hii njo nini."

Alijua. Kule Beni yeye mwenyewe, na bunduki yake begani, hakugusa kikombe cha mtu mpaka mwenyeji aonje. Alimtazama Marcienne, akamtazama mbwa, akashusha mkono.

Marcienne alipiga magoti. Alichovya kidole, akakiingiza kwenye shavu la mbwa, akapaka ufizi wa juu, ufizi wa chini, akachovya tena. Meno ya mbwa huyo ni marefu kama kidole changu cha mwisho, na mbwa anayetetemeka hachagui anachouma. Hakujali. Alikuwa anamsemesha kwa Kishi, lugha ya kwao, maneno ya kumbembeleza mtoto mwenye homa. Baada ya muda, anasema ulikuwa mrefu kama ibada, sikio la Meja likacheza. Ulimi ukatoka, ukalamba kidole. Akaendelea kupaka mpaka mbwa akainua kichwa.

Dokta Ezira alimkuta Meja bado amelala lakini macho yanaona. Akamtundikia dripu ya sukari pale pale, kwenye kamba ya kuanikia nguo, akamsikiliza moyo. Ndipo akaomba aone alichokula. Resty alileta chupa yake taratibu. Daktari akaisoma nyuma, pale palipoandikwa kwa herufi za sisimizi, na safari hii hakucheka.

"Hii ina zailitoli," alisema. "Ni utamu wanaoweka badala ya sukari. Mtu akila hana shida. Mbwa akila, mwili wake unadanganyika, sukari inaanguka, na ini linaweza kufa kabisa. Kidogo tu kinatosha. Ile ya kwanza yenye sukari nyingi ingemnenepesha tu. Hii isiyo na sukari ndiyo sumu yake." Akaigeuza chupa. "Mngempaka hii kwenye ufizi, ningekuta mzoga. Mama, ni wewe ulipaka ile nyingine?"

"Ni miye."

"Umemwokoa."

Marcienne aliniambia hakusikia neno hilo vizuri. Alikuwa bado anafikiria lile jingine, kwamba mtu akila hana shida. Yeye alionja. Maisha yake yote alionja, na mama yake alionja kabla yake, na kumbe ulimi wa mtu hauwezi kumtolea mbwa ushahidi. Hilo lilimwumiza kuliko mulogo. Na daktari, kwa sababu ni kazi yake kuuliza, akauliza, "Nani alimpa hii?"

"Miye njo nilimupa," Marcienne akajibu. "Madamu njo alisema nimupe."

Watu wote wakamgeukia Resty. Na Resty, na ufunguo ule wa kabati unaning'inia pale pale kifuani, akasema, "Mimi? Mimi hapana sema. Alichukua yeye mwenyewe."

Ulimi hauna mfupa. Lakini sajini ana macho. Aliuona ufunguo. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu, akawatazama majirani na simu zao, na mimi najua, kama ninavyojua jina langu, kwamba alijua. Akachagua nyumba yake. Akamwambia Marcienne, kwa upole, na upole huo ndio unaoniudhi zaidi: "Wewe enda kwenu kwanza. Mambo ipoe."

Mambo ya nani yapoe? Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mwanamke amekunywa mbele yako kama shahidi, ameingiza mkono wake kwenye kinywa cha mbwa wako, umeambiwa na daktari kwamba amemwokoa, halafu unamwambia aende kwao! Na kwao kwenyewe ni wapi? Kwao kulichomwa. Alikusanya nguo zake kwenye begi, akamwosha Meja matapishi kifuani kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa amefanya hivyo, akaondoka.

Alipofika Misiera video ilikuwa imemtangulia. Mtu aliikata vizuri: mbwa anatetemeka, Resty anapiga kelele, sauti inasema mulogo, Marcienne amesimama na mwiko, basi. Kunywa hakukuwamo. Kidole hakikuwamo. Daktari hakuwamo. Watu wa kwetu, watu wa Kivu, waliokimbizwa na uongo wa kila aina, waliitazama wakaiamini kama Injili.

Jumapili tunakula pamoja baada ya ibada, kila mama na chungu chake. Marcienne alileta sombe, majani ya muhogo. Alifungua chungu, akachota, akaonja mbele ya wote kama siku zote. Siku zote hatukuwa tunaona. Siku hiyo wote waliona. Mmoja akasema ameshiba. Mwingine akasema sombe inamsumbua tumbo. Nami nilikuwa na sahani mkononi, mimi niliyemzika naye mama yake, niliyeomba siro ya goti. Nilichota ugali, nikachota samaki, nikapita kile chungu kama sijakiona. Marcienne aliniona. Nimejikasirikia tangu siku hiyo, na kama kuna ukali kwenye karatasi hii, msifikiri wote ni wa Resty.

Nilikwenda kwake kesho yake kuomba msamaha, akanipa kiti, akanisimulia kila kitu, akipiga meza. Baadaye nikamsubiri Dokta Ezira alipokuja kuchanja mbuzi, akaniambia maneno yale yale. Nikawa nimepata ukweli wote na hakuna aliyetaka kuununua. Mzee mmoja wa kanisa alimshauri Marcienne aende Mbarara akanyenyekee, aombe radhi, ili arudishiwe kazi, kwa maana muhula wa Grâce ulikuwa karibu na bila jiko lile hakuna shule. "Niombe radhi ya kosa gani?" Marcienne akamwuliza. "Uniambie jina ya kosa, papa, nitaomba." Mzee akasema dunia ni hivyo. Watu wakishindwa kusema haki hupenda kuisingizia dunia.

Wiki ya nne Resty alikuja mwenyewe. Ilikuwa mchana, siku ya soko, gari la kukodi likasimama mbele ya vibanda na Resty akashuka na mkate na katoni ya soda. Watu walijaa. Wengine walikuja na video yao mfukoni ili wamlinganishe.

"Marcienne, rudi," alisema. "Nyumba imeharibika. Yule msichana mpya hajui pika. Hata Meja hali vizuri. Apollo pia anasema urudi."

Grâce alikuwa amesimama mlangoni nyuma ya mama yake, na sare yake ya shule ilikuwa imefuliwa tangu juzi. Marcienne akasema, "Nitarudi. Leo. Ninaomba kitu kimoja tu. Waambie hawa batu nani alisema niweke ile siro kwa chakula ya Meja."

Resty akatazama huku na huku. "Tuingie ndani, tuongee."

"Hapa."

"Marcienne, bambi," akabembeleza. "Ilikuwa makosa."

"Ya nani?"

Nilikuwa karibu, niliona midomo ya Resty ikikaribia neno lile. Neno lenyewe ni fupi, mtoto wa darasa la kwanza analiandika: mimi. Ungeona jinsi lilivyomshinda. Jasho lilimtoka. Naamini alikuja na nia nzuri, naamini hata usiku hakulala vizuri, na bado lilimshinda, kwa sababu ya watu waliokuwa wanamtazama na kwa sababu ya yule aliyekuwa anamtaka alitamke.

"Makosa ya chupa," akasema.

Marcienne akacheka, cheko moja, kavu. "Basi chupa njo ikupikie," akamwambia, akamrudishia mkate wake, akageuka.

Gari liliondoka na soda zake. Muhula ulifunguliwa na Grâce hakwenda. Nilimwuliza Marcienne, tukiwa wawili tu tunachambua maharage, kama hajuti, kama hakuona lile jiko likiondoka na elimu ya mtoto. Alichambua kwanza mpaka ungo ukaisha.

"Mutoto anaweza kuchelewa masomo mwaka moja, miaka mbili, atafika," alisema. "Mutoto wa mulozi, fasi ya kufika haiko."